Datsun 620 mbili na logbuku moja: nianzie wapi?

Swali: "Fundi, salamu sana. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Njoro. Nimepatana bei na kijana anayeuza Datsun 620 ya marehemu babake, ya mwaka wa 1976. Logbuku ipo ila ina jina la mzee. Injini ni J15 na imekwama, na sakafu ya kebini imeoza hadi unaona nyasi chini. Kuna nyingine Rongai, haina injini wala karatasi, lakini kebini yake ni nzima. Nimewaza kununua zote mbili, hii ya Njoro niitie injini ya Toyota, ile ya Rongai niichinje niuze spea nirudishe pesa. Unanishauri vipi?"

Mwalimu, umefanya vyema kuuliza kabla hujatoa pesa. Kununua zote mbili ni wazo zuri. Kutia injini ya Toyota, hapana. Na kuichinja ile ya Rongai jinsi unavyowaza, hapana pia. Kebini hiyo nzima unayotaka kuikata uuze vipande ndiyo itakayoliokoa gari lako.

Wengi wanaoingia katika kazi hii huanza kuangalia injini. Ikiwa imekwama wanasema gari limekufa, ikiwaka wanasema gari ni zima. Kwa pikapu hizi za Datsun hesabu ni tofauti kabisa. Injini zao ni za chuma cha kawaida, hazina kompyuta, na fundi yeyote wa umri wa makamo pale mjini Nakuru amezifungua na kuzifunga. Kinachoshinda watu ni bodi iliyooza, na vile vitu vidogo ambavyo duka halina: raba ya kioo cha mbele, taa ya nyuma, komeo la mlango, swichi ya indiketa, mkono wa kushushia kioo. Ndiyo maana unaona 620 zimesimama kwenye maua miaka na miaka ilhali injini ilishatengenezwa. Mwenyewe alimaliza pesa kwenye injini, kisha akakosa kebini ya kuitia.

Lakini kabla hatujagusa chuma, tumalize ya karatasi, maana hapo ndipo unaweza kupoteza kila kitu bila hata kufungua boneti.

Mzee amefariki, kwa hiyo gari ni sehemu ya mirathi. Mwanawe anaweza kuwa ndiye aliyelitunza na ndiye mwenye funguo, lakini mwenye uwezo wa kuliuza ni msimamizi wa mirathi aliyeidhinishwa na mahakama. Sheria ya Urithi, ambayo ni Sura ya 160 ya sheria za Kenya, inakataza katika kifungu cha 45 mtu yeyote kuingilia mali ya marehemu bila mamlaka hayo. Mwombe akuonyeshe hati ya mahakama iliyothibitishwa, na uangalie kama gari limetajwa humo na limeachiwa nani. Kama familia haijaenda kortini, wape muda waende. Usiweke amana. Nasema hivi kwa uzito kwa sababu ndugu wa marehemu huwa kimya gari likiwa limeoza shambani, na huanza kulidai siku linapong'aa rangi mpya.

Hati ikiwepo, uhamisho wa umiliki unafanyika NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Lipia kwanza utafutaji wa rekodi. Gari la 1976 litakuwa na namba za mtindo wa kale, herufi tatu na tarakimu tatu bila herufi ya mwisho, kwa kuwa mtindo wa KAA 001A ulianza 1989. Unachotaka kuona ni kwamba namba ya chesisi iliyo kwenye rekodi, iliyo kwenye logbuku na iliyogongwa kwenye chuma ni moja. Nenda na brashi ya waya na karatasi ya msasa, usugue mpaka usome kila herufi mwenyewe. Usiridhike na picha ya simu uliyotumiwa.

Ile ya Rongai isiyo na karatasi usiinunue kwa kusalimiana tu. Andikianeni mkataba, chukua nakala ya kitambulisho cha muuzaji, kisha upitie kituo cha polisi na namba ya chesisi kuhakikisha haijaripotiwa kuibwa.

Sasa tuje kwenye chuma. 620 ilitengenezwa kuanzia 1972 hadi 1979, na jambo zuri kuliko yote kwake ni kwamba imejengwa juu ya chesisi ya ngazi. Kebini imekaa juu ya chesisi kwa boliti na raba, na boksi la mizigo nalo limefungwa kivyake. Ndiyo kusema kebini ya Rongai inaweza kunyanyuliwa ikaketi juu ya chesisi ya Njoro yenye karatasi. Hakikisha tu kwamba namba iliyogongwa iko kwenye chesisi yenyewe. Bamba dogo lililo kwenye kebini usilibandue wala kulihamisha kimyakimya, na usiruhusu fundi yeyote agonge namba upya, hata akikwambia kila mtu hufanya hivyo. Hilo ni kosa la jinai. Mweleze mkaguzi kwamba gari limebadilishwa kebini, umwonyeshe mkataba wa ununuzi, akuelekeze. Rangi ikibadilika, nayo iingizwe kwenye rekodi.

Mpango huu wote unasimama ikiwa chesisi ya Njoro ni nzima. Huo ndio ukaguzi wa maana kuliko mwingine wowote, kwa hiyo utenge siku nzima kwa kazi hiyo.

Gari limeishi Njoro. Bila shaka limebeba mahindi, ngano, viazi vya kutoka Molo, na mbolea. Mbolea za chumvichumvi zikimwagika kwenye boksi na kupata umande hula chuma vibaya, na kinachodondokea chini huishia juu ya chesisi, pale boksi linapoegemea. Ndani ya pande za chesisi kuna matope yaliyojikusanya miaka mingi, na matope hayo hushika maji hata wakati wa kiangazi. Toa boksi. Osha chesisi kwa maji ya nguvu ndani na nje, iache ikauke, kisha upite na nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia, kilichoisha hutoa sauti bubu au hubonyea. Sehemu ya kutilia shaka zaidi ni juu ya ekseli ya nyuma na kwenye vishikio vya springi. Pikapu nyingi za huku ziliongezwa majani ya springi ili zibebe kupita kiasi. Springi zilistahimili, chesisi ndiyo iliyopasuka. Tafuta nyufa kwenye matundu ya riveti na kwenye kingo za vishikio. Ukikuta mahali palipochomelewa kipande bapa kilichosimama wima kukatiza chesisi, jua palishavunjika, na kiraka cha namna hiyo huhamishia ufa pembeni yake.

Ufa mdogo unatibika. Chesisi iliyopinda baada ya ajali pia hunyooshwa, ingawa si na kila mtu. Pima mshazari kwa kamba kutoka kona hadi kona, pande zote mbili. Tofauti ya milimita chache si kitu. Ikiwa ni zaidi ya kidole, mwite anayejua kazi hiyo kabla hujalipa chochote. Na kama chesisi imeliwa hadi imekuwa laini, achana na gari la Njoro kabisa, kwa sababu bila chesisi hiyo karatasi zako hazina kazi.

Kebini ya Rongai nayo ikague kwa macho makavu. "Nzima kabisa" ni maneno ya muuzaji. Angalia chini ya zulia upande wa dereva na wa abiria, kona za nyuma za kebini chini karibu na sakafu, mfereji wa maji juu ya milango, na chini ya raba ya kioo cha mbele. Hapo pa mwisho ndipo panapodanganya watu wengi: juu rangi ni nzuri, ukivuta raba unakuta chuma kimekuwa kama biskuti. Beba sumaku ndogo uliyoifunga kwa kitambaa. Mahali isiposhika pamejazwa fila, ule uji wa kuziba mashimo kabla ya rangi.

Pakihitaji kuchomelewa, tumia bati jeusi la geji 20 kwa sakafu na geji 18 mahali panapobeba uzito. Usikubali mabati ya kuezekea. Yana zinki, na moshi wa zinki ikichomwa humgonjesha fundi homa jioni hiyo hiyo. Mwombe fundi atumie welding ya CO2, achome nukta nukta akiruka kutoka upande hadi upande. Ile ya moto wa gesi huleta joto jingi, na mlango uliofunga vizuri asubuhi hautafunga jioni. Kutu ikatwe yote. Ikifunikwa kwa fila, itatokeza baada ya msimu wa mvua, na wewe utakuwa umeshalipia rangi.

Injini nitaieleza kwa kifupi zaidi, ingawa najua ndiyo iliyokunyima usingizi.

J15 ni injini ya sentimita za ujazo 1,483, vali zake zinasukumwa kwa fito, na mpangilio wake wa kuwaka ni 1-3-4-2. Kukwama si kufa. Mara nyingi ni ringi zilizoshikana na kutu kwenye silinda moja au mbili ambazo vali zake zilibaki wazi. Toa plagi zote, mimina mchanganyiko wa dizeli na oili ya giaboksi ya otomatiki katika kila silinda, uache siku kadhaa ukiongeza inaponyweka. Kisha shika nati ya puli ya mbele kwa spana ndefu, uisukume kidogo huku na huku. Usilivute gari kwa trekta likiwa gia ya pili, kama utakavyoshauriwa na majirani. Ringi huvunjika na kuchora silinda, na fito za pistoni zikapinda.

Ikikubali kuzunguka, ifungue uipime hata hivyo. Na hapa kuna jambo ninalowasihi watu kila mara: usipeleke bloku kwa mwenye mashine akapanua silinda kabla pistoni za saizi hiyo hazijawa mkononi mwako. Ukishapanua na pistoni zikakosekana, bloku hiyo utaiweka kando. Tafuta pistoni kwanza, mpe fundi azipime, kisha apanue kwa kuzifuata hizo.

Ukipima mgandamizo, kumbuka uko wapi. Mji wa Nakuru uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni pungufu ya lile la Mombasa kwa karibu asilimia 20. Kipimo kitasoma chini ya kile kilichoandikwa kwenye kitabu, na hilo si ugonjwa. Linganisha silinda na silinda. Kwa sababu hiyo hiyo kabureta iliyopangwa kwa pwani itakunywa petroli zaidi huku na kutia plagi masizi meusi, kwa hiyo jeti kuu hubadilishwa, ikawekwa yenye tundu dogo kidogo. Taimingi nayo unaweza kuisogeza mbele digrii chache, ukisikiliza isigonge unapopanda kwenda Mau Summit.

Utaambiwa pia kwamba injini za zamani haziwezi kutumia petroli ya leo kwa sababu haina risasi. Kenya iliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa 2006, na Datsun zimeendelea kutembea. Hata hivyo kichwa cha injini kikiwa nje, mwombe mwenye mashine aangalie viti vya vali za ekzosi. Kama vimeanza kuzama, atie vya chuma kigumu.

Na kama J15 yako imeisha kweli? Basi baki ndani ya ukoo. 620 zilizouzwa Marekani zilitoka kiwandani na injini za familia ya L: L16, kisha L18, na L20B ya sentimita za ujazo 1,952. L16 ndiyo iliyokuwa kwenye Datsun 160J, na ndiyo iliyokuwa ndani ya Datsun 1600 SSS ambayo Edgar Herrmann alishindia Safari Rally mwaka wa 1970. Kwa hiyo inakaa mahali palipopangiwa Datsun, na inastahimili barabara zetu. Ukiipata, ichukue pamoja na giaboksi yake na maunti zake zote, yaani vishikio vya injini. Injini ya Toyota itakulazimu ukate maunti, ubadilishe shafti ndefu ya kwenda ekseli ya nyuma, uhangaike na kina cha sampu, lile bakuli la oili, juu ya daraja la mbele, na mwishowe uwe na gari ambalo mpenda Datsun hataki na mpenda Toyota hataki. Ya dizeli ni mbaya zaidi, kwa kuwa uzito wake unakandamiza fimbo za tosheni za mbele, zile zinazofanya kazi ya springi, ambazo hazikutengenezewa uzito huo. Injini yoyote tofauti utakayotia, namba yake iingizwe kwenye rekodi za NTSA.

Breki usizibanie pesa hata kidogo. Masta silinda, silinda ndogo za magurudumuni na mipira yake yote viwe vipya. Mabomba ya chuma yaliyoota kutu yabadilishwe yote. Laini za zamani huenda zina asbestosi, kwa hiyo usipulize vumbi la dramu kwa kompresa: lowesha kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa, kitupe. Na tangi la petroli lisichomelewe na mtu yeyote kabla ya kuoshwa kabisa kwa maji moto, hata kama limekaa tupu tangu mzee alipofariki. Mvuke wa petroli unaobaki ndani umeua mafundi.

Sasa biashara ya spea, ambayo nadhani ndiyo iliyokuvutia zaidi. Ukihamisha kebini ya Rongai, utabaki na kebini mbovu ya Njoro, na chesisi ya Rongai pamoja na ekseli, springi, sanduku la stelingi, dramu na fimbo za tosheni. Hiyo ndiyo bidhaa yako. Lakini usiuze hata boliti moja mpaka gari lako litembee na lipite ukaguzi. Spea unayodhani huihitaji leo ndiyo utakayoitafuta mwezi ujao, na utaikuta kwa mtu mwingine kwa bei yake.

Vyenye soko ni vile visivyotengenezwa tena: taa za nyuma, grili, vioo na raba zake, vipini na makomeo, saa za dashibodi, nembo, vifuniko vya rimu, na lango la nyuma ikiwa halijapindwa. Kebini yako ya Njoro imeoza sakafu tu. Juu yake kuna karibu kila kimoja cha hivyo. Ichinje hiyo polepole, kwa spana na dawa ya kulegeza kutu, na usiruhusu tindo. Raba ya kioo hutoka ikiwa imepashwa joto la jua la adhuhuri. Ya asubuhi yenye baridi hupasuka.

Kila kitu kipe lebo siku unayokitoa: kimetoka gari gani, upande gani, na namba ya Nissan ikiwa inasomeka. Namba hizo ni za tarakimu kumi, tano na tano, na zile tano za kwanza husema ni kifaa gani: 21010 ni pampu ya maji, 11044 ni gasketi ya kichwa, 15208 ni filta ya oili. Tano za mwisho ndizo zinazotenganisha aina na aina. Ukimpigia mwenye duka wa Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi ukamtajia namba kamili, atakutafutia. Ukimwambia "pampu ya Datsun ya zamani", atakuletea yoyote. Mwulize pia kwa jina la Nissan, kwa kuwa jina la Datsun liliondolewa kwenye magari miaka ya 1980 na maboksi yakabadilishwa maandishi.

Fimbo za tosheni ziandike kushoto na kulia kwa rangi kabla hazijatoka. Haziingiliani, maana kila moja imenyongwa kwa upande wake. Na nati ya kurekebishia ilegezwe yote kwanza, la sivyo inaruka kwa nguvu ya kuvunja mkono.

Ukiuza, piga picha kitu kikiwa kando ya futi ya kupimia, na uonyeshe ufa kama upo. Wenye 620 walioko Kisumu, Kitale na Eldoret ni watu wanaojuana, na sifa yako itafika kabla ya kifurushi chako. Mara nyingi kubadilishana kutakufaa kuliko pesa: mtu mwenye pistoni za J15 ambaye hana taa za nyuma ni rafiki yako. Silinda za breki na viungo vya stelingi vilivyotumika mimi siuzi na nakuomba usiuze. Weka daftari lenye jina la kila mnunuzi, na nakala ya mkataba wa Rongai iwe karibu, ili ukiulizwa spea hizi umezitoa wapi uwe na jibu. Mabaki ya mwisho mpe mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye leseni, kama inavyotakiwa na sheria ya 2015.

Usitarajie spea zirudishe gharama ya magari yote mawili. Zinaweza kulipa rangi, au kazi ya mashine, na zikifanya hivyo zimekusaidia sana.

Basi chesisi ya Njoro ikishapita ukaguzi, nenda Rongai, hata kabla kijana wa Njoro hajamaliza mambo ya kortini, kwa kuwa kebini nzima haisubiri. Ukiridhika na ukaguzi na mkataba, ihamishe kabla ya mvua za Machi, uiegeshe juu ya magogo, mbali na udongo, na milango uiache na upenyo kidogo ili hewa ipite.